Karatasi Zetu Bado Ziko Bujumbura

Sifa mwanangu,

Umeenda Magara kumuaga Mama Goreti, nami najua mama yule hatakuruhusu urudi kabla hujala. Baba yako yuko kwa fundi, anabadilishiwa zipu ya begi lako. Nyumba imenyamaza. Nimefuta meza, nimekaa; yavumilie maandishi yangu.

Utaishangaa na lugha. Umezoea nikusemeshe Kiswahili chetu cha ziwani, kile cha "iko" na "haiko". Leo nakuandikia kile nilichofundishwa shuleni kule Baraka, Kongo, ili hata ukiisoma barua hii mbele ya wenzako Watanzania huko chuoni, usiseme mama yako amekuaibisha.

Maagizo sina. Habari za dawa ya malaria, za nani atakupokea Kigoma, za sketi utakayovaa siku ya kwanza, baba yako amezirudia mpaka umezishika kama aya za moyo. Mimi nataka kujibu swali lako la jana. Ulisimama pale mlangoni na shuka mkononi ukaniambia, "Mama, niache nibakie kwanza mpaka jibu la karatasi litoke. Mukirudishwa Kongo na mimi niko Kigoma, nitarudia wapi?" Nikasema hapana, unaenda. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Kumbe munanifukuza?" Badala ya kukujibu nikaingia jikoni kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mkononi mwangu.

Naogopa, Sifa. Hilo ndilo jibu fupi. Refu linaanzia mbali kidogo.

Baba yako na mimi tulivuka ziwa kutoka Baraka tukiwa maarusi wapya. Kanisa la kule lilikuwa limesikia kwamba wavuvi wetu wengi wamehamia pwani hii ya Burundi, wanaishi ufukweni bila mtu wa kuwazika wala wa kuwabatizia watoto, likauliza nani ataenda. Baba yako akainua mkono. Mimi sikuinua, nilimtazama tu, na wazee wakayahesabu macho yangu kama mkono. Tulipewa baiskeli, Biblia, na barua ya utume yenye muhuri wa kanisa. Tulidhani tunakuja kwa muda mfupi.

Hakuna aliyetuambia kwamba nusu ya utume ni foleni. Tulijua kuhubiri na kuuguza. Hatukujua kwamba mgeni anayekaa kwa watu lazima aombe upya, mara kwa mara, ruhusa ya kukaa. Kwamba ruhusa hiyo haitolewi kwa mwenye pasipoti inayokaribia kufa. Kwamba pasipoti nayo ni watu wa nchi yako tu wanaoweza kuifanya upya, na barua ya kanisa lazima iwe ya mwaka huohuo. Karatasi moja inashika mkia wa nyingine. Moja ikifa, zote zinalala chini.

Wewe ulizaliwa hapa Rumonge, mvua ikipiga mabati ya hospitali hata sikusikia kilio chako cha kwanza. Majirani walileta ndizi na maharage. Ulijua Kirundi kabla ya kujua lugha ya bibi yako. Ulipoanza shule ukawa unarudi unasema, "Kwetu hapa tunafanya hivi, kwetu hapa hatuli kile," na kila uliposema "kwetu", moyo wangu uliruka, maana nilijua kilichoandikwa ndani ya pasipoti, na nilijua lini kinakwisha.

Sasa nifike kwenye mwaka wa sikio lako. Najua unaukumbuka. Hatujawahi kuuzungumza, wewe na mimi, na kosa la ukimya huo ni langu, maana mkubwa nilikuwa mimi.

Mwaka ule pasipoti zetu zilikuwa zimebakiwa na uhai kidogo, na viza ya kukaa ilikuwa imeshakufa. Njia ya haki ilikuwapo. Ilikuwa ni kwenda Bujumbura ubalozini kwetu, kujieleza, kupanga foleni, kurudishwa, kurudi tena, na pengine kuvuka mpaka hadi Uvira kufuata cheti fulani. Baba yako aliitaka njia hiyo. Aliyekataa ni mimi. Mdogo wangu alikuwa amenipigia simu kutoka ng'ambo: "Dada, usije huku. Bunduki ziko zinalia." Na maofisini niliogopa kwamba wakiona viza imekufa watamshika baba yako palepale. Basi kila asubuhi alipovaa viatu, nilimtafutia sababu ya kuvivua. Leo kuna mgonjwa anakungoja. Leo wingu ni zito. Leo ni Ijumaa, utakuta wamefunga mapema. Hofu haikuja kwangu ikijitambulisha kwa jina lake, mwanangu. Ilikuja ikijiita busara, nami nikaipa kiti.

Ndipo akaja yule komisioneri. Unajua ndivyo tunavyowaita hapa watu wanaokukimbilia maofisini: unampa karatasi, yeye anajua mlango. Alikuwa akisali nasi, ana sauti nene inayobeba wimbo mzima. "Mama Muchungaji," aliniambia, "mutasumbuka bure. Munipatie pasiporo zenu. Kule biro niko najuana nao. Wiki moja tu, mutaniona."

Baba yako alisema, "Ruhusa ya kukaa huombewi na mtu mwingine. Twende wenyewe."

Nikamwambia hana imani. Mimi, nikamwambia mchungaji wa watu kwamba hana imani! Akaenda chumbani, akaleta pasipoti yake akaiweka juu ya yangu.

Zilirudi na viza. Muhuri mzuri, wa duara, wino wa buluu. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu wetu ana milango isiyo na foleni. Watu wakapiga vigelegele. Baada ya ibada Baba Heri, yule mvuvi aliyekuwa akikuletea samaki wa mukeke akivua vizuri, alinivuta pembeni akaniuliza jina la mtu aliyetusaidia. Nikampa.

Kisha sikio lako likaanza kutoa usaha, na daktari wa hapa akasema upelekwe Bujumbura. Baba yako alikuwa na mazishi siku hiyo. Tukapanda taksi mimi na wewe. Pale Magara akaingia mama mmoja mnene mwenye ndoo ya ndagala, wale dagaa wakavu, akakaa ubavuni kwetu, akakuona unavyoshika sikio. Alisema anaitwa Goreti, kwamba amekulia kambini Tanzania na kurudi Burundi akiwa mtu mzima, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka. "Nipe mtoto nimpakate," aliniambia, "mkono wako umekufa ganzi." Ukalala na kichwa mapajani pake.

Kabla ya kufika Gitaza kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha barabarani. Si jambo la ajabu, tulikuwa tumeipita mara nyingi. Polisi mmoja kijana akakusanya vitambulisho. Wenzetu wakatoa karangamuntu zao, mimi nikatoa pasipoti. Aliigeuza. Akaiinua juani. Akaukwaruza muhuri kwa ukucha.

"Mama, hii viza walikupigia wapi?"

"Bujumbura."

"Biro gani?"

Sikujua. Sikuwahi kufika. Nikataja mtaa wa kwanza ulionijia kinywani.

"Kule hakuna biro ya viza," akasema. Hakukasirika. "Shuka."

Nikashuka. Akanieleza kwamba mihuri ya namna hiyo imeonekana mingi, kwamba wenye nayo wanapelekwa mjini kuchunguzwa, na wasio na haki ya kukaa wanarudishwa kwao. Nikakuona wewe na sikio lako mkivushwa kwenda kwenye nchi ambayo hujawahi kuikanyaga, mahali ambapo mdogo wangu alisema bunduki zinalia.

Polisi akachungulia ndani ya gari. "Na mutoto? Ni wa nani?"

Sikupanga, Sifa. Naapa sikupanga. Kinywa changu kilisema, "Simjui. Niliwakuta humo ndani."

Mama Goreti alinitazama. Akaweka mkono wake juu ya kichwa chako, akamwambia polisi kwa Kirundi, "Ni umwana wanje." Ni mwanangu.

Na wewe ukaamka. Ukaniona niko nje barabarani, ukaita, "Mama!" Polisi akageuka kunitazama. Nilikutazama usoni, mtoto niliyemzaa, nikasema, "Mama yako huyo hapo. Kaa vizuri."

Gari likaondoka.

Kule mjini niliwekwa katika chumba na wanawake wengine. Sikupigwa, sikutukanwa, watu walikuwa wanafanya kazi yao, na chakula tulipewa. Kilichonitafuna kilikuwa ndani yangu. Kila mlango ulipofunguliwa niliogopa mambo mawili yanayopingana: kwamba wamekugundua, na kwamba hawatakugundua kamwe. Sikujua jina la ukoo la Mama Goreti. Sikujua nyumba yake. Nilikuwa nimemkabidhi mtoto wangu mtu niliyemfahamu kwa urefu wa barabara ya kutoka Magara hadi Gitaza. Wanawake wenzangu waliniuliza kama nina watoto, nami niliogopa hata kuwaambia wao.

Mama Goreti alikupeleka kwa daktari wa masikio kama vile ndiyo safari iliyomtoa nyumbani. Akawaacha wale ndagala wake kwa mtu sokoni bila kujali watauzwaje. Kisha akateremka nawe hadi Magara, akakuacha kwa dada yake, akaendelea mpaka Rumonge, akawa anauliza njiani, "Mchungaji wa Kikongomani mwenye baiskeli anakaa wapi?" mpaka akaonyeshwa mlango wetu.

Baba yako aliponisimulia siku hiyo, hakujisifu. Alisema wazee wa kanisa walimzunguka wakamsihi: "Muchungaji, usiende kule. Na weye muhuri wako ni uleule. Vuka ziwa leo. Mama bakimurudisha, mutakutana ng'ambo." Alisema aliogopa hata akashindwa kufunga kamba za viatu, ikabidi Mama Goreti amfungie. Akaenda na viatu vilivyofungwa na mwanamke wa watu.

Nilipoletwa kwenye meza ya mkubwa wa pale, nilimkuta ameshakaa. Mkubwa mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Baba yako alikuwa ameweka pasipoti yake mezani kabla ya kuulizwa. "Madamu," alikuwa akisema, "na hii yangu ni ya uongo vilevile. Tulimpa mtu. Hatukuja wenyewe kwa sababu tuliogopa."

"Muliogopa nini?"

"Kukataliwa."

Mama yule akavua miwani. "Sasa mumekataliwa na mumeshikwa. Mulipata faida gani?"

Akafungua pasipoti yangu, akasoma. "Hapa imeandikwa muko na mutoto. Iko wapi?"

Nilifungua kinywa kusema uko Kongo kwa bibi yako. Uongo ulikuwa tayari, umeshaoga na kuvaa. Baba yako akanitangulia. "Yuko Magara," akasema, "kwa rafiki yetu. Tulimficha."

Nilifumba macho. Nilidhani amekuuza.

Mama yule aliandika kitu, akasema bila kuinua kichwa, "Mumulete aandikwe, jina lake na majina yenu. Mutoto asiyeandikwa ndiye watu wanaiba, na hakuna anayeweza kumudai."

Ndivyo tulivyotoka. Haikuwa msamaha. Tulipewa muda: tutengeneze mambo yetu kwa njia iliyo wazi, au tuondoke nchini. Tulilipa faini. Tulipanga foleni ubalozini mpaka walinzi wakatujua kwa majina. Tulikwenda na Uvira kufuata vile vyeti, na milio niliyoiogopa tulikuja kuisikia, lakini mbali, upande wa milimani, huku karani akituambia tuandike vizuri majina ya babu zetu. Kiangazi kizima kilipita. Siku muhuri wa kweli ulipoangukia ukurasa wangu, nilikaa sakafuni mbele za watu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kabla yake kulikuwa na Magara.

Nilikuja kukuchukua asubuhi iliyofuata baada ya kuachiliwa. Ulikuwa ufukweni na Mama Goreti, mnatandaza ndagala kwenye wavu waanikwe. Sikio lilikuwa limefungwa kwa pamba safi. Nikataka kukimbia. Mama Goreti akainua mkono: "Usimkimbilie. Kaa hapo uanike." Nikakaa. Ukaniona. Ukanisalimia, "Amahoro, mama," kwa adabu zote, namna mtu anavyomsalimia mgeni aliyemkuta barabarani.

Tulianika ndagala pamoja mpaka jua likawa kali. Hatimaye ukasogea, ukaniuliza, "Sasa bamekuandikia kama weye ni mama yangu?"

Nikasema, "Ndiyo. Wameandika."

Nimelijutia jibu hilo kuliko hata neno la bariyeri. Kule barabarani niliogopa. Pale ufukweni nilitaka tu uje mikononi mwangu haraka, nikakuachia uamini kwamba mama ni kitu kinachoandikwa na kufutwa. Nilipaswa kukwambia kwamba nilipokukana nilikuwa mama yako, kwamba nilikukana kwa sababu nilikuwa mama yako, na kwamba pamoja na hayo nilikosea. Yote ni kweli. Miaka hii yote nimejaribu kufanya moja limeze jingine, limeshindikana.

Baada ya hapo, kwa muda mrefu, ukiona polisi ulikuwa unashika kitenge changu kwa ngumi. Ulikuwa umeshakuwa mkubwa wa kuona haya kushika kitenge cha mama, lakini ulishika. Niliiacha ngumi yako hapo. Niliogopa ukianza kuuliza hutaacha.

Na Baba Heri? Yule komisioneri alimpigia muhuri uleule. Polisi walimkuta ufukweni, yeye, mke wake na watoto, na kijana wao Heri aliyekuwa darasa moja nawe. Hakuwa na mtu wa kumsemea haraka kama mimi nilivyokuwa na baba yako. Baba yako alipofika ofisini kumwombea, walikuwa wameshavushwa. Nilituma salamu kwa kila mtumbwi uliokwenda upande wa Mboko, Kongo. Hazikurudi. Hata leo sijui kama yuko hai, na sasa kwa vita hivi naogopa kuuliza. Tangu siku hiyo sijawahi kusimama kanisani kushuhudia jambo ambalo sijaona mwisho wake. Watu wanadhani nimepoa imani. Waache wadhani.

Sasa turudi kwenye swali lako.

Unajua tulipofika. Viza ya kukaa imefika mwisho wake tena, na safari hii pasipoti ni nzima na tulikwenda wenyewe, mapema, na faili letu likapokelewa vizuri. Kinachokosekana ni barua ya utume. Kanisa lililotutuma halina ofisi tena. Watu wa Baraka wametawanyika. Mchungaji mkuu akipiga simu kila mara yuko mahali pengine, mara porini, mara kwa mkwe wake, na muhuri wa kanisa uliungua pamoja na kabati. Ofisini wametuuliza kwa upole: nani basi aliyewatuma? Wakatupa kikaratasi cha kupokelea, wakasema tungoje.

Wengine wanatushauri tujiandikishe wakimbizi kama hawa wanaoshuka kwenye mitumbwi kila wiki na magodoro yao. Ulimsikia baba yako juzi mezani: "Si aibu. Bwana mwenyewe alikimbizwa Misri akiwa mutoto. Lakini mimi sikukimbia, nilitumwa. Nataka niulizwe kwanza." Alipomaliza kusema hivyo aliacha ugali wake nusu. Ulidhani ameshiba. Hakuwa ameshiba, mwanangu.

Simu ikilia nashtuka. Pikipiki ikisimama nje nashtuka. Asubuhi hii nimekuuliza pasipoti yako iko wapi mpaka ukacheka: "Mama, iko mu sakoshi. Haikuota miguu." Ulicheka vizuri, na mimi nikacheka, kisha nikaenda kuufungua mkoba huo tena ulipokuwa unaoga.

Ungebaki, ningefurahi. Ningelala leo. Lakini ungebaki kwa ajili ya hofu yangu, na ninaijua ile hofu inapokula inavyotaka kula tena. Wakitukatalia wewe ukiwa hapa, utakataliwa pamoja nasi, maana hapa bado umeandikwa chini ya jina la baba yako. Kigoma utasimama kwa jina lako. Pasipoti uliipangia foleni mwenyewe. Niliona ulivyorudi umeungua na jua, umechoka, na hukumpa mtu akupangie. Barua ya chuo ni yako. Ruhusa ya kukaa ya kule utaiomba mwenyewe, kwa kinywa chako, na wakikuuliza usilolijua utasema hujui.

Hiyo ndiyo sababu ya kichwa. Ya moyo ni kwamba niliwahi kukuondoa mbele yangu kwa kukunyang'anya jina. Hii ni mara ya pili nakuacha uende mahali ambapo sitakuwepo, na safari hii nakuacha uende nalo lote. Sikufukuzi, Sifa. Ningekuwa nakufukuza, nisingeogopa hivi.

Uliuliza utarudia wapi. Nimelizunguka swali hilo tangu jana nikitafuta jibu la kukutuliza, sijalipata. Sijui. Pengine hapa Rumonge, nyumba hiihii. Pengine ng'ambo, ikiwa ng'ambo kutakuwa na mahali pa kusimama. Pengine kambini, turubai kati ya maturubai. Sitakuahidi nyumba. Ukisikia tumehamishwa, usipande gari kuja kututafuta. Maliza mitihani yako. Sisi ndio tutakaokutafuta. Baba yako ni mtu wa kutafuta watu, na mimi nimejifunza kwake, polepole.

Neno moja tu juu ya wale utakaowakuta nyuma ya madirisha ya ofisi. Usiwachukie, na usiwaogope kupita kiasi. Wengine watakuchosha. Wengine watakuambia rudi kesho, na kesho rudi kesho. Lakini mtu aliyenisaidia kuliko wote katika maisha yangu ya karatasi, baada ya baba yako na Mama Goreti, alikuwa mama mwenye miwani aliyekuwa na haki yote ya kunifukuza. Nenda ukiwa umesimama wima, hata kama ndani unatetemeka. Kutetemeka hakuonekani sana ukiwa umesimama.

Kesho nitakusindikiza hadi mpakani Mugina. Hatutavuka pamoja, kikaratasi chetu hakituruhusu kutoka nchini, tutaishia pale penye kamba. Nimeshamwambia baba yako asinizuie nikilia. Wewe usigeuke kunituliza; fuata mstari wako, toa karatasi zako, jibu unachoulizwa.

Ukishavuka, kabla laini ya simu ya Burundi haijakatika, baba yako atataka umtumie picha ya muhuri aikuze aisome tarehe. Mtumie, apumue. Mimi nitumie uso wako.

Akulinde Yeye asiyeomba karatasi za mtu.

Mama yako,
Faida